Cheti cha umeme safi wa Kusini kiwe mali ya nani?

Mteja wa kawaida wa TANESCO pale Mtwara mjini akinunua LUKU ya shilingi 10,000 anapata uniti 28 na ushee. Chini ya namba za tokeni kuna mchanganuo ambao wengi hawausomi: VAT, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, REA asilimia 3. Hiyo asilimia 3 inakwenda kwa Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005, na ni moja ya sababu mwanakijiji wa Newala au Nachingwea ameweza kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Mwenye taa anamchangia asiye na taa. Tozo inaonekana kwenye risiti, kiwango chake kinajulikana, na mbunge anaweza kusimama bungeni akauliza imetumikaje.

Ipo njia nyingine ya kuchangia umeme safi, nayo imeanza kubisha hodi Afrika: biashara ya vyeti vya kijani. Msimamo wangu nauweka mapema. Vyeti havifai kuwa nguzo ya kujengea mitambo mipya ya nishati jadidifu Lindi na Mtwara, na tukivitegemea kwa kazi hiyo tutaumia. Hata hivyo cheti ni mali, na mali isiyoandikwa jina la mwenyewe mapema huishia kuandikwa jina la mtu mwingine.

Biashara yenyewe iko hivi. Mtambo wa sola ukizalisha megawati saa moja, yaani uniti 1,000, unatoa vitu viwili. Cha kwanza ni umeme, unaoingia kwenye nyaya na kuchanganyika na ule wa gesi na wa maji hadi hakuna awezaye kuutenganisha. Cha pili ni uthibitisho kwamba uniti hizo 1,000 zilitokana na jua. Uthibitisho huo husajiliwa kwenye daftari la kielektroniki, hupewa namba yake, na huweza kuuzwa peke yake kwa mtu asiyewahi kuugusa umeme ule. Mnunuzi akishautumia, cheti kinafutwa kwenye daftari, naye anakuwa na haki ya kutangaza kwamba ametumia uniti 1,000 za umeme safi. Kuanzia hapo hakuna mwingine mwenye haki ya kusema hivyo kwa uniti zilezile, hata yule zilizowasha friji yake.

Watu wa huku hawana haja ya kufundishwa sana kuhusu karatasi inayosimama badala ya mali. Tangu 2007 korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, unaingia ghala kuu, anabaki na karatasi mkononi, kisha anasubiri mnada. Anajua kwa uzoefu kwamba thamani ya karatasi ile inategemea mambo ambayo hayamo kwenye karatasi: wanunuzi ni wangapi, nani anapanga mjengeko wa bei, makato ni kiasi gani, malipo yanafika lini. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, zikafuata wiki za mvutano hadi Serikali ikaamua kununua yenyewe korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ghala lilijaa korosho nzuri na karatasi zilikuwa halali, lakini soko halikuwepo. Hilo ndilo swali la kwanza ninaloliuliza kuhusu cheti cha umeme: mnunuzi ni nani, na kitu gani kinamlazimisha anunue?

Uingereza ilijibu swali hilo kwa sheria. Kuanzia Aprili 2002 kila kampuni inayouza umeme ilitakiwa kuonyesha vyeti sawa na asilimia 3 ya mauzo yake, na kiwango kikapanda mwaka hadi mwaka. Asiyekuwa na vyeti vya kutosha alilipa pauni 30 kwa kila megawati saa iliyopungua. Fedha hizo hazikuingia hazina. Ziligawanywa kwa kampuni zilizoleta vyeti, kila moja kwa kadiri ya vyeti vyake. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya mfumo mzima, na inahitaji kuangaliwa kwa utulivu. Vyeti vikiwa haba, faini zinakuwa nyingi, mgawo unanona, na cheti kinapanda bei juu ya zile pauni 30. Vyeti vikikaribia kutosha, faini zinakauka na bei inaporomoka. Maana yake ni kwamba mzalishaji analipwa vizuri pale tu nchi inaposhindwa kufikia lengo lake. Benki inayotakiwa kumkopesha kwa miaka 15 inaliona jambo hilo siku ya kwanza, na inaongeza riba.

Kasoro ya pili ilikuwa usawa wa bandia. Kwa miaka ya mwanzo megawati saa moja ilipata cheti kimoja, iwe imetoka kwenye gesi ya majalala, upepo wa nchi kavu, sola au upepo wa baharini. Teknolojia iliyokuwa rahisi wakati huo ikaneemeka, na ile ambayo bado ilikuwa ghali ikakosa pa kushika. Mwaka 2009 wakarekebisha kwa kutoa vyeti vingi zaidi kwa teknolojia ghali, upepo wa baharini ukiwemo. Machi 2017 mpango ukafungwa kwa mitambo mipya, nafasi yake ikachukuliwa na mikataba inayomhakikishia mzalishaji bei maalumu kwa miaka kadhaa.

Sweden ilianza Mei 2003 na Norway ikajiunga nayo Januari 2012, nchi mbili soko moja. Kwa upande wa ujenzi walifanikiwa sana. Mitambo ya upepo ilijengwa kwa wingi na lengo likafikiwa mapema, na kwa sababu hiyo hiyo bei ya cheti ikaanguka hadi karibu na sifuri. Waliowekeza wakitegemea fungu hilo walibaki na umeme wao na madeni yao. Mwisho wa 2021 mlango ulifungwa kwa mitambo mipya. India, ambako sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu huenda kubanguliwa, ilifungua soko lake mwaka 2011 ikiwa na bei ya chini na bei ya juu zilizowekwa na mdhibiti. Ilionekana kinga nzuri. Lakini mashirika ya umeme ya majimbo yaliyotakiwa kununua mengi yalikuwa hoi kifedha, hayakubanwa kutimiza wajibu, na vyeti vikalundikana bila wanunuzi. Bei ya chini haina nguvu pale mnunuzi anapoweza kukaa kimya.

Ujerumani haikupita njia hiyo. Sheria yake ya mwaka 2000 ilimpa mzalishaji bei inayojulikana kwa miaka 20 na kulazimisha gridi ipokee umeme wake. Wakulima wakaweka paneli juu ya mabanda, vijiji vikaanzisha ushirika wa mitambo ya upepo, kwa sababu meneja wa benki ya mji mdogo aliweza kukokotoa mkopo kwa kalamu na karatasi. Ilikuwa ghali, hasa kwa sola ya miaka ya mwanzo, na walaji walilipa tozo nzito hadi ilipofutwa mwaka 2022. Gharama hiyo siifichi. Ila tukiuliza nani alipata nafasi ya kumiliki mtambo, jibu la Ujerumani linamgusa zaidi mtu wa Ruangwa kuliko jibu la London, ambako cheti kilizinufaisha kampuni kubwa zilizoweza kubeba bei inayoyumba.

Turudi nyumbani. Kwa muda mrefu Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikiendeshwa na mitambo ya gesi ya Mtwara. Gesi hiyo si nishati jadidifu, kwa hiyo haitoi cheti chochote cha kijani. Cheti cha Kusini kitatoka kwenye sola, kwenye upepo wa pwani, na kwenye kitu tunachokisafirisha nje bila kukifikiria, yaani ganda la korosho. Zaidi ya nusu ya uzito wa korosho ghafi ni ganda, na ganda lina mafuta yanayowaka kwa nguvu. Linahitaji tanuru lililotengenezwa kwa ajili yake, maana likichomwa ovyo moshi wake unawasha macho na kuharibu mabomba. Kila gunia la korosho ghafi linalopakiwa bandarini Mtwara linaondoka na kuni zake ndani. Hoja ya kubangua hapa nchini imezungumzwa sana kwa ajili ya ajira. Kwa upande wa nishati bado haijapewa uzito wake.

Je, soko la lazima la vyeti, la aina ya Uingereza, linawezekana kwetu? Linahitaji kampuni nyingi zinazouza umeme kwa walaji, zishindane kutafuta vyeti. Tanzania Bara ina TANESCO, na pembeni wachache wanaohudumia maeneo madogo. Mnada wenye mnunuzi mmoja tunaujua unavyoendaga. TANESCO ikilazimishwa kununua vyeti, gharama itarudi kwenye LUKU, na bei itapangwa na mdhibiti kwa vyovyote vile. Hapo tutakuwa tumejenga daftari, minada na madalali ili tufike kwenye bei ya kupangwa, ambayo tungeweza kuiandika moja kwa moja kwenye mkataba wa kuuziana umeme.

Na kuna Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na kwa matarajio ya mradi linaweza kuzalisha takriban uniti bilioni 5.9 kwa mwaka. Kwa hesabu ya cheti kimoja kwa kila uniti 1,000, hivyo ni vyeti karibu milioni 6. Mtambo wa sola wa megawati 1 katika jua la pwani ya Lindi unaweza kutoa vyeti 1,500 hivi. Vyote vikiingia soko moja bila kutenganishwa, bwawa moja litauzamisha Kusini mzima. Uingereza iliwahi kuliona hilo: mabwawa ya zaidi ya megawati 20 yaliyokuwepo kabla ya mpango hayakupewa vyeti, kwa hoja kwamba yameshajengwa na hayahitaji kusukumwa. Hoja hiyo ina uzito hapa pia. Bwawa la Rufiji limejengwa kwa fedha za umma na litazalisha umeme cheti kiwepo au kisiwepo.

Linabaki soko la hiari, ambalo ndilo linaloikaribia Afrika. Kampuni kubwa za dunia zimetangaza kwamba zitatumia umeme jadidifu kwa asilimia 100, na kanuni za kuhesabu hewa ukaa zinaziruhusu kuthibitisha hilo kwa vyeti. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, kampuni ya Nuru iliuza mwaka 2020 vyeti vya aina maalumu, vilivyobuniwa kwa ajili ya maeneo yenye migogoro, na mnunuzi alikuwa Microsoft. Kwa mji ule, ambao watu wake wameteseka kwa vita miaka na miaka, fungu la ziada ni baraka na sina neno baya juu yake. Lakini tuangalie hesabu ya kawaida kabla hatujapandisha matumaini. Tuseme cheti kinauzwa dola 2. Mtambo wetu wa megawati 1 utapata dola 3,000 kwa mwaka kabla ya ada za usajili na ukaguzi. Mtambo wenyewe, kwa bei za miaka ya karibuni, unagharimu kiasi kinachokaribia au kuzidi dola milioni 1. Umeme uleule ukiuzwa kwa senti 7 za dola kwa uniti unaleta dola 105,000. Kinachojenga mtambo ni bei ya umeme na uhakika wa kulipwa kwa wakati. Cheti ni nyongeza ya kununulia vipuri.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona mjadala wa nishati jadidifu unaanza na vyeti. Mzalishaji mdogo anayekopa kwa shilingi kwa riba ya benki zetu anahitaji kwanza mkataba wa muda mrefu, bei inayorekebishwa kwa kanuni iliyo wazi, na mnunuzi asiyechelewesha malipo miezi sita. EWURA ina mikataba ya mfano kwa wazalishaji wasiozidi megawati 10, utaratibu ulioanza mwishoni mwa miaka ya 2000. Huko ndiko pa kuongeza nguvu.

Pamoja na udogo wake, cheti kinabeba haki ambayo siku za mbele inaweza kuwa na thamani kuliko dola 2. Iceland inatumia umeme wa maji na wa mvuke wa ardhini karibu wote. Kwa miaka kadhaa kampuni zake ziliuza vyeti vya asili ya umeme kwa wanunuzi wa bara la Ulaya, na matokeo yake takwimu rasmi za mauzo ya umeme ndani ya kisiwa hicho zikaonyesha makaa ya mawe, mafuta na nyuklia, kwenye nchi isiyo na kinu hata kimoja cha nyuklia. Kimahesabu ni sahihi kabisa. Usafi umeuzwa, na aliyeuuza hawezi kuendelea kujisifia nao.

Sasa fikiria Ruangwa. Ardhi ya wilaya ile ina madini ya kinywe (grafiti), na kinywe kinaingia kwenye betri za magari ya umeme. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za magari hayo zitangaze kiasi cha hewa ukaa kilichotokana na utengenezaji wake, kuanzia kwenye malighafi. Mchimbaji wa kinywe anayeweza kuonyesha kwamba amesaga na kusafisha madini yake kwa umeme wa sola wa Lindi atakuwa na hoja mezani anapojadili bei. Vivyo hivyo mbanguaji wa korosho anayeuza kwa maduka makubwa ya Ulaya. Kama vyeti vya umeme huo viliuzwa miaka mitano nyuma kwa dalali wa mbali, hoja hiyo haipo tena, paneli ziwe zinang'aa pale pale uani kwake.

Dalali huyo atakuja, na atakuja wakati wa shida. Huku tunaijua kangomba: mtu anayekufuata kabla ya msimu, ukiwa na mgonjwa au ada ya shule, akakupa fedha kidogo mkononi kwa korosho ambayo bado iko mtini. Mkataba wa kununua vyeti vyote vya mtambo kwa miaka 15, kwa bei isiyobadilika, unaosainiwa wakati mzalishaji anahaha kutafuta fedha ya kumalizia ujenzi, hauna tofauti na kangomba. Upo pia mtego wa kimya kimya zaidi. Mikataba mingi ya umeme duniani ina kifungu kinachosema manufaa yote ya kimazingira ni ya mnunuzi wa umeme, au ya mfadhili. Kifungu hicho hukaa kurasa za mwisho, katikati ya lugha ya wanasheria, na anayekisaini mara nyingi haoni kwamba ametoa kitu.

Kusini ina sababu ya kuwa makini na vifungu vya namna hiyo. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay 1982. Mwaka 2013 bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilipokuwa linaanza kujengwa, Mtwara iliwaka moto kwa swali la nani anafaidika, na watu walipoteza maisha. Bomba lilizinduliwa 2015. Leo halmashauri za Kilwa na Mtwara zinapata ushuru wa huduma kutokana na gesi, jambo ambalo limepatikana kwa kudai na kuandikiana. Gesi angalau ina bomba ambalo kila mtu analiona na mita inayosoma. Cheti kinaondoka kwa kubofya kitufe, na kijiji chenye paneli kinaweza kisijue kamwe kwamba kilikuwa na kitu cha kuuza.

Ninachotaka kiandikwe ni kifungu kimoja kwenye mikataba ya mfano ya EWURA, na ndugu yake kwenye masharti ya gridi ndogo za vijijini. Kiseme wazi kwamba cheti ni cha mzalishaji tangu kinapozaliwa, isipokuwa akiuze kwa mkataba tofauti wenye bei yake. Mkataba huo usizidi miaka mitatu. Viwanda na migodi ya mkoa husika vipewe nafasi ya kwanza ya kununua kwa bei ya soko. Megawati saa iliyokwisha kuuzwa kama cheti isiuzwe tena kama kaboni, yaani punguzo la hewa ukaa, chini ya kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, kwa sababu mnunuzi akigundua amelipia kitu kilichouzwa mara mbili, anayeharibikiwa jina ni mkoa mzima. Na pale ardhi ya mtambo ni ya kijiji, mgawo wa kijiji kwenye mauzo ya vyeti utajwe kwa asilimia na usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

EWURA hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupitisha kanuni zake. Vyama vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao vina wanasheria, vina uzoefu wa karatasi na minada kuliko taasisi nyingi za nishati, na wanachama wao ndio wenye ardhi na maganda. Viombe nafasi hiyo kwa barua, kabla mikataba mipya ya sola haijafika mezani kusainiwa.